Mshenga wa Mbu Anarudi Kilema

Bibi Zita Wenseslaus, fundi sanifu mkuu wa kituo chetu cha utafiti wa mbu hapa Moshi, anastaafu tarehe thelathini Juni mwaka huu, baada ya kutumika miaka thelathini na sita. Aliajiriwa akiwa msichana mwembamba, mguu kama mti wa fagio. Anaondoka akiwa bibi mwenye wajukuu, na bado anaruka mifereji ya mpunga kuwashinda vijana waliomkuta kazini.

Kwa desturi wasifu kama huu huandikwa na mfanyakazi mwenzake. Safari hii Daktari Nasrin, mkuu wa kituo, amesema wenzake wataandika mambo ya maabara tupu na wageni watasinzia, kwa hiyo akamwomba aliyemzaa. Ndiye mimi, Mama Zita wa Kilema, kijiji cha huko juu mlimani. Shule nilisoma kwa masista hadi darasa la nne, lakini darasa la nne la masista lilikuwa darasa. Mtu asije akalalamika kwamba nimemsifu mno. Aliyetaka sifa za kupimwa kwa kijiko angemwomba jirani.

Tena niseme mapema: mimi na kituo tuna jambo letu ambalo halijaisha, nalo linahusu jioni za Zita baada ya leo. Daktari anasubiri jibu langu tangu mwezi wa tatu. Nimemwambia atalipata humu humu, kwa hiyo asirukie mwisho. Asome kwa utaratibu kama watu wengine.

Sisi watu wa mgombani tuna kihamba juu, yaani nyumba na migomba ya ukoo, na shamba chini. Juu kuna baridi, mbu ni wa kuhesabu. Chini ndiko tunakolima mahindi, na ndiko homa inakokaa. Zita alipokuwa mtoto wa shule ya msingi alishuka na sisi kuvuna, akapanda na homa. Nilimbeba mgongoni hadi hospitali ya misheni, anaweweseka, anataja majina ya mbuzi. Alipopata nafuu hakuuliza kama wali upo. Aliuliza mbu aliyemuuma ametoka wapi na mama yake ni nani. Baba yake, Mungu amrehemu, akasema homa imempanda mtoto kichwani. Mimi nikasema hapana, huyu ana akili, amefuata upande wangu.

Basi akasoma, akapata cheti cha maabara, akaajiriwa. Siku anakuja kutuaga alituambia kazi yenyewe ni ya jioni, kule chini kwenye majaruba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni. Baba yake akakataa kabisa. Binti mzima, jua linazama, yuko porini anaangalia wadudu? Zita akanivuta jikoni. Akaniambia, "Mama, nisemee kwa baba. Niachie jioni zangu sasa. Nikistaafu nitarudi, jioni zote tutakaa pamoja barazani." Nilimsemea. Mzee alikuwa mgumu kama kisiki cha mkahawa, lakini nilikuwa na njia zangu, na mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa imeiva.

Kwa wageni ambao hawajawahi kuelezwa, mbu wa malaria naye ana harusi yake. Jua likishazama, kabla giza halijashika, madume hukusanyika hewani juu ya kitu cheusi kilichoko chini: rundo la samadi, mahali palipochomwa moto, njia panda ya mifereji. Wanacheza hapo hapo, juu chini, juu chini, kama vijana kwenye disko wanaosubiri wasichana. Madume hao hawaumi mtu, wacha waseme watakavyo. Jike huingia mmoja mmoja. Dume anausikia mlio wa mabawa yake katikati ya kelele zote zile, anamdaka, wanaanguka pamoja kutoka kwenye kundi, na mambo yameisha kabla hujamaliza Salamu Maria moja. Jike kwa kawaida akishaolewa mara moja imemtosha maisha yake yote. Anakwenda kutafuta damu ya watu kwa ajili ya mayai yake, na kwenye ngoma ile hana haja napo tena. Dume kesho anarudi. Mambo ya madume mnayajua wenyewe.

Kazi ya Zita ilikuwa kujua harusi hizo zinafanyika wapi, saa ngapi, nani kaja na nani kakosa mchumba. Ukijua ukumbi ulipo unaweza kuiharibu sherehe, na jike asiyeolewa hana mayai ya kutaga. Hiyo ndiyo elimu yote. Mengine ni darubini na maneno marefu.

Kilema hawakuelewa haraka. Nilipokwenda kumtembelea mara ya kwanza nilitegemea kukuta mbu waliokufa. Nikakuta chumba chenye joto kama la jikoni, vizimba vya neti vimepangwa, na mbu wanene wananyonya maji ya sukari kwenye pamba! Mwanangu anawabembeleza kama vifaranga. Nilirudi nikakaa kimya, ila dereva wa kituo, Shakiru wa Pasua, alikuwa amenipandisha hadi nyumbani, na Shakiru mdomo wake hauna mlango. Kufikia siku ya soko jirani yangu Mama Calvin ananiuliza mbele ya watu, "Mama Zita, mbu mwaka huu mnauza kwa kilo au kwa debe?" Nikamjibu, "Kwa debe, mama, ila wewe nitakuwekea wa bure, maana damu yako imepoa, hawatakuuma." Hakuniuliza tena. Siku hizi mjukuu wake akipata homa, mtu wa kwanza kupigiwa simu ni Zita.

Sasa nieleze alivyoolewa, maana na hilo ni la kazini.

Wenseslaus ni mtoto wa kihamba cha pili, tumepakana mpaka. Wakati huo alikuwa mwalimu kijana mwenye shati jeupe na kitana mfukoni. Alimpenda Zita, lakini ukimtafuta jioni hayupo, na mchana amelala au yuko maabara. Mwisho akamfuata huko huko mpungani. Zita alikuwa ametandika kitambaa cheusi kwenye tuta ili aone kama madume watakusanyika juu yake. Wenseslaus akaona kitambaa kizuri kimetandikwa, akafikiri ametandikiwa mgeni. Akaketi. Kabla hajamaliza salamu, madume wakaanza kucheza juu ya kichwa chake, wengi kama moshi. Zita akamwambia kwa sauti ya chini, macho hayabanduki, "Usitikisike. Tafadhali, Wense, ulivyo hivyo hivyo." Kijana wa watu akadhani ni uzuri wake. Akakaa kama sanamu ya Mtakatifu Yosefu, hata kujikuna hakujikuna, mpaka giza likaingia na kundi likatawanyika. Ndipo akajua alikuwa anatazamwa nini.

Zita aliporudi nyumbani aliniambia, "Mama, mwanaume anayeweza kukaa kimya muda wote ule bila kuuliza swali, huyo simwachi." Wakaoana mwaka uliofuata pale misheni. Wamekaa Soweto ya hapa Moshi miaka yote ya kazi, wakalea watoto, na ugomvi wao sijausikia. Labda wanagombana jioni, nao jioni hawakuwa wanaonana.

Mchango wangu katika sayansi nao uandikwe, kwa sababu naona kwenye ripoti za kituo haumo.

Ilifika wakati kituo kilitaka mbu wa kule mpungani wazaane chumbani, ili wachunguzwe bila kukimbizana nao kwenye matope. Mbu wakagoma. Madume wamekaa ukutani huku, majike kule, kama vijana wa jumuiya siku ya kwanza ya kwaya. Zita alikuwa anazima taa kwa mkupuo kila jioni, anangoja, hamna. Alifanya hivyo miezi na miezi, na makosa yalikuwa yake, mwenyewe anayasimulia akicheka. Daktari Nasrin alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka masomoni, akasema jua halizimwi kwa swichi, giza lije polepole. Wakafunga taa za kufifia. Madume wakaanza kuruka, lakini hovyo, kila mmoja na njia yake. Wakatafuta kitu cheusi cha kuweka chini: karatasi, mfuko, kipande cha tairi. Kila kimoja wanasema hapana. Jumapili moja Zita akaja nyumbani, akaondoka na mtandio wangu mweusi wa misa za wafu, hakuniomba. Akaukata, akautandika chini ya kizimba.

Wakacheza! Juu ya mtandio wangu! Jioni ile walifunga ndoa ambazo kituo hakijawahi kuziona, na Shakiru alipiga vigelegele akasikika barabarani. Watu wanabishana mpaka leo kama sababu ni taa ya Daktari, au mikono ya Zita, au mbu walikuwa wameshazoea. Mimi sibishani na wasomi. Nasema tu kwamba mtandio ulikuwa wangu, na sijarudishiwa mwingine.

Kwa hayo na mengine Zita akaitwa mshenga wa mbu, jina ambalo kwanza lilikuwa la utani na sasa limekaa kama la ubatizo. Alifundisha mafundi waliosambaa mikoani. Aliwafundisha wakulima wa mpunga kutambua kumbi za harusi karibu na nyumba zao na kusimama na nyavu za mkono wakati wa ngoma, wakivua madume hewani kama dagaa. Amekwenda kuzungumza Dodoma, mbele ya watu wenye tai, na hakubabaika. Nilikuwa nimemwambia awaangalie kama majirani waliokuja kuomba chumvi. Wenye tai walipouliza wanawezaje kusaidia, aliwaomba viatu vya mpira kwa ajili ya vijana wa mpungani. Vililetwa. Vya kwake alimpa mwingine, yeye akaendelea na vile vya zamani vyenye kiraka cha baiskeli.

Katika vijana wote, wa mwisho ni Magreth. Mnamwona pale, aliyesuka. Ana jicho zuri, anaona kundi la mbu mahali ambapo sisi wengine tunaona hewa. Ila kila akiona jambo geni anageuka kumtazama Zita kwanza. Na hapo ndipo lilipoanzia lile jambo letu.

Mwezi wa tatu Daktari alimwambia Zita kwamba kituo kinataka kumpa mkataba baada ya kustaafu, aendelee kushuka mpungani kila jioni hadi Magreth akomae. Zita akamjibu kwamba kazi anaipenda, ila jioni si zake, aliziahidi kwa mama yake tangu ujana. Wamwombe mama.

Daktari Nasrin ni mtoto wa mjini, wamezaliwa hapa Moshi tangu babu zake, lakini mambo ya mgombani hajakulia. Alisikia ofisini kwamba Mchagga akiletewa jani la mmea wa isale hawezi kukataa. Ni kweli. Ila isale ni la kuombea msamaha, unaleta jani moja, unalifunga fundo, unanyamaza. Yeye alifikiri yakiwa mengi ndiyo heshima kubwa zaidi. Akamwambia Shakiru akate njiani. Na Shakiru akaona pale kwenye kona, chini ya kwangu, safu nzuri ya masale marefu yamesimama kama askari, akasema hapa hapa. Akashuka na panga.

Safu ile ni mpaka! Ni mpaka wa kihamba changu na kihamba cha kina Wenseslaus, umepandwa na wazee ambao hata makaburi yao yameshaota masale. Kwetu ng'ombe akivuka mpaka anafukuzwa na maisha yanaendelea. Lakini mtu akikata masale ya mpaka, anaitiwa wazee, maana huyo anataka kuhamisha ardhi.

Wenseslaus alistaafu ualimu kabla ya mkewe, na tangu hapo anaishi Kilema peke yake, anakamua ng'ombe, anajipikia ndizi ambazo sizisemi. Alisikia panga, akatoka mbio na ndoo ya maziwa.

"Nani anahamisha mpaka? Mama mkwe! Umeniuzia kihamba?"

Nami nikatoka. Namkuta Shakiru katikati, panga mkono huu, mzigo wa masale mkono huu, kama Jumapili ya Matawi.

"Shikamoo, mwalimu," akasema, "shikamoo, bibi. Mimi nimetumwa majani tu."

"Majani ya nani?" Wenseslaus anauliza.

"Ya bibi. Ya kumletea bibi."

"Umeyakata kwa bibi, unamletea bibi?"

Daktari akashuka kwenye gari, maskini, amejitanda vizuri, tabasamu limemganda. Magreth, ambaye ni Mchagga na alipaswa kusema, alikuwa amejificha nyuma ya kiti, anacheka hadi machozi. Nilikaa chini kwenye jiwe. Nimezika watu, nimeozesha watu, ila posa ya namna hiyo sijawahi kuiona.

Ikabidi waombe msamaha kwa Wenseslaus kwa kukata mpaka. Na msamaha huombwa kwa nini? Kwa isale. Shakiru akachomoa jani moja kutoka kwenye ule ule mzigo wa wizi, Magreth akamfundisha fundo, akampa mwalimu kwa mikono miwili. Wenseslaus akalitazama jani, akaitazama safu yenye pengo, akalitazama jani tena. Akalipokea. Kwetu hakuna namna nyingine. Sote tukala mtori wa ndizi, Daktari akaongezewa mara mbili, kisha akasema ombi lake vizuri sana, bila kuzunguka, na mimi nikamwambia nimesikia. Nitajibu siku ya sherehe.

Tangu siku ile nimefikiri, na nitawaambia nilichofikiri.

Mwezi uliopita Zita alipata Jumapili nzima ya mapumziko, akaja. Ilipofika saa ya jua kuzama nilimwona ametoka nje, amesimama uwanjani. Nikasema moyoni, basi, anawakumbuka mbu wake, nimempoteza. Nikamfuata. Hakuwa anatazama machweo. Alikuwa ameugeukia mlima. Wingu lilikuwa limefunguka kama linavyofunguka saa hiyo, na kilele cha Kibo chote nje, theluji imekuwa na rangi ya papai lililoiva.

Akaniambia, "Mama, kumbe saa hii mlima unakuwa hivi?"

Mtoto wa Kilema huyo. Mbu hutazamwa dhidi ya mwanga, kwa hiyo jioni zote za kazi yake alisimama akitazama jua linapozamia, na mlima ulikuwa pembeni, hakupata nafasi ya kuugeukia. Nilimletea kigoda. Wenseslaus akavuka mpaka na kikombe cha maziwa, akaketi upande wa pili, kimya kama alivyoketi siku ile juu ya kitambaa cheusi. Tulikaa watatu hadi nyota. Zita hakutaja mbu hata mmoja, mpaka mmoja alipomuuma Wenseslaus shingoni. Hapo alisimama kumtafuta.

Daktari, jibu langu ni hili. Asubuhi zake mchukueni. Magreth akikwama apande Kilema asubuhi, njia anaijua, na mtori upo. Darubini mkitaka kuleta leteni, nimeshafagia stoo. Na Magreth, mwanangu, jicho unalo. Jioni ukiona jambo geni usigeuke. Litazame wewe.

Lakini jua likianza kushuka, Zita ni wetu.

Najua mlikuja na masale na kwa mila sikupaswa kukataa. Ndiyo maana nami nimekuja na isale langu. Yale mliyoyakata sikuyatupa. Masale hayafi ovyo, ukichomeka shina ardhini linashika. Niliyarudisha yote kwenye pengo la mpaka, mimi na Wenseslaus, na mvua za masika zikayanywesha. Yamechipua. Jani la kwanza la chipukizi la kwanza nimelikata asubuhi hii, nikalifunga fundo, la kuomba msamaha kwa kumwondoa mwenzenu mnayempenda. Mkifika kwenye mstari huu tazameni kiti cha mbele, bibi mwenye kitambaa cha kijani. Liko mkononi. Daktari, njoo ulipokee, na Shakiru akusaidie kwa vigelegele, anavijua.

Kituo kizima kinakushukuru, Zita, na mimi niliyekubeba na homa yako nakushukuru zaidi. Wakulima wa mpunga wametuma salamu na gunia la mchele, Shakiru asilipitishe Pasua. Mungu akupe afya, miguu isiyouma, na majirani wasiouliza bei ya mbu. Aika, asante mwanangu. Kigoda chako nimeshakigeuza, kinatazama mlima.

Mama Zita
Kilema